Matembezi na Michezo ya Skauti Wadogo Katika Mwezi wa Ramadhani

Mzazi aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni, naye anaishi Njombe au Makambako, hukutana na jambo ambalo wazazi wa Pwani hawalijui sana. Huko Pwani mtoto afungaye huwa amezungukwa na wafungaji wenziwe. Shuleni, sokoni na kwa jirani, watu wote wanaujua mwezi mtukufu. Lakini katika nyanda hizi za juu za kusini Waislamu ni wachache kati ya majirani Wakristo, na katika kundi la skauti la shule ya msingi huenda wakawamo watoto watatu au wanne tu wanaojaribu kufunga. Kiongozi wa skauti ametangaza matembezi ya Jumamosi. Mtoto anarudi nyumbani na kuuliza: Je, niende au nibaki? Na nikienda, nifunge au nile?

Swali hili ni dogo kwa sura yake, lakini jibu lake laweza kukaa katika moyo wa mtoto maisha yake yote. Akizuiliwa kila mara kwenda na wenzake, atajifunza kwamba saumu ni kifungo kimtengacho na furaha. Akiachiliwa aende bila mpango wowote, akapandishwa milima tangu asubuhi hadi alasiri, aweza kuanguka njiani. Na hapo babu na bibi zake ambao si Waislamu watasema kwamba dini hii mpya inatesa watoto. Hivyo basi yafaa tuchunguze kwanza mafundisho ya Uislamu yanasemaje, kisha tuone jinsi matembezi na michezo iwezavyo kupangwa katika mwezi huu bila ya saumu kudharauliwa na bila ya mtoto kuumizwa.

USKAUTI NA WAJIBU KWA MUNGU

Uskauti ulianzishwa na Mwingereza Robert Baden-Powell. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wakakaa kambini wakijifunza kupika, kufunga kamba, kutazama nyayo za wanyama na kusaidiana. Tangu hapo kazi hiyo ikaenea duniani. Yeye mwenyewe alimalizia maisha yake katika Afrika ya Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Chama cha Skauti Tanzania kiliingia katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963.

Katika ahadi ambayo skauti huitoa, jambo la kwanza kutajwa ni wajibu kwa Mungu. Kwa hiyo kiongozi amruhusuye mtoto wa Kiislamu kuitunza saumu yake hamfanyii upendeleo wowote, maana anamsaidia tu kuitimiza ahadi aliyoitoa mbele ya wenzake. Kadhalika mtoto afungaye asione kwamba ameiacha skauti nje ya mlango wa msikiti.

Skauti pia hufundishwa kutenda angalau tendo moja jema kila siku. Sasa tazama mfano wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas r.a. kwamba Mtume s.a.w. alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na ukarimu wake ulizidi zaidi katika mwezi wa Ramadhani, hata ukafananishwa na upepo uvumao kwa nguvu. Watu wa Makambako hawahitaji kuelezwa maana ya mfano huu, kwani wanaujua upepo: hauchagui nyumba ya kupitia. Hivyo ndivyo lipasavyo kuwa tendo jema la skauti katika mwezi huu. Limfikie Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

MASAHABA WALIWAANDALIA WATOTO MICHEZO

Wako wadhanio kwamba mchezo na saumu havipatani. Lakini ushahidi wa Hadithi ni kinyume cha dhana hiyo. Bibi Rubayyi binti Muawwidh r.a., mwanamke wa Madina, anaeleza habari za saumu ya siku ya Ashura. Anasema kwamba walifunga wao na kuwafungisha watoto wao, na kwamba waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kitu hicho cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Katika habari hii fupi mna mafunzo matatu. Kwanza, watoto walizoezwa, na mazoezi hayo yalikuwa ya siku moja moja. Pili, mchezo haukuja kwa bahati. Wazazi walikaa wakautengeneza kwa mikono yao kabla ya njaa kuwadia. Tatu, mchezo ulikuwa na kazi yake maalumu: kumvusha mtoto ile saa iliyo ngumu kabla ya magharibi. Mtu apangaye shughuli za skauti wadogo katika Ramadhani hana msingi bora kuliko huu.

Wala Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe hakuwa mtu wa kukunja uso mbele ya mchezo. Alishindana mbio na Bibi Aisha r.a. Alimtania kwa upole mtoto mdogo aitwaye Abu Umair kwa habari ya ndege wake. Siku moja alipita penye watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawatia moyo na kusema kwamba yeye yuko upande wa kundi mojawapo. Mara wale wa upande wa pili wakaacha kutupa, wakisema watatupaje naye yuko pamoja na wapinzani wao? Ndipo akawaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote. Kiongozi wa skauti aikumbuke sana habari hii agawapo timu, kama tutakavyoona mbele.

NI NANI APASWAYE KUFUNGA?

Saumu ni faradhi kwa Mwislamu aliyebaleghe, mwenye afya, asiyekuwa safarini. Mtoto mdogo hakufaradhishiwa. Kumlazimisha mtoto wa miaka saba au minane afunge mwezi mzima ni kumtwisha mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakumtwisha. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo aweza kuzoezwa siku chache, kwa hiari yake, akiwa chini ya macho ya wazazi. Na kila mwaka siku hizo zaweza kuongezwa kidogo kwa kadiri ya nguvu zake.

Ama kuhusu mgonjwa na msafiri, Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqarah imewaagiza watimize hesabu katika siku nyingine, na papo hapo ikaeleza sababu, ya kuwa Mwenyezi Mungu huwatakia waja wake mepesi wala hawatakii mazito. Basi kama kundi la skauti linasafiri mpaka mkoa mwingine na kulala huko, kijana Mwislamu hana haja ya kujionyesha shujaa kwa kufunga safarini. Akubali ruhusa aliyopewa na Mola wake, naye aliyebaleghe alipe siku hizo baadaye.

Tena iko Hadithi ambayo kila kiongozi wa kambi yampasa kuijua. Anas r.a. anasimulia kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume s.a.w. siku ya joto kali. Wengine walifunga na wengine hawakufunga. Walipotua mahali, wale waliofunga walianguka kwa uchovu, na wale wasiofunga wakasimama wakajenga mahema na kuwanywesha ngamia. Mtume s.a.w. akaeleza kwamba siku ile wasiofunga ndio walioondoka na thawabu. Tafakari, ewe msomaji! Mahema yalihitaji kujengwa, wanyama walihitaji maji, na ibada ya mtu mmoja haikupasa kuwa mzigo juu ya mgongo wa mwenzake.

KUZIJUA SAA NA MAJIRA

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Kwa hiyo shughuli iliyofaa mwaka huu huenda isifae miaka kumi ijayo. Kuanzia mwaka 2014 mpaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, miezi ya baridi kali ya Njombe, mji ulio katika kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari. Mwaka 2025 ilikuwa mwezi wa Machi, katikati ya mvua za masika. Na kwa hesabu ya mwendo wa mwezi, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine ikianza mwishoni mwa Desemba. Kiongozi aandikapo ratiba ya mwaka yampasa aulize mapema tarehe hizi, asije akaiweka safari ndefu kuliko zote mahali pasipofaa.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, sisi tulio karibu na Ikweta hatuna mchana mrefu kupita kiasi. Saumu ya Njombe ni ya saa 13 hivi, ikizidi au ikipungua kidogo, hali ndugu zetu wa London, Ramadhani iangukiapo Juni, hufunga saa 18 hivi. Mwezi wa Machi jua la Njombe huzama karibu na saa 1 jioni, na mwezi wa Juni huzama yapata saa 12 na nusu.

Lakini tusidanganywe na ubaridi wa hewa. Katika baridi mtu hahisi kiu upesi, lakini mwili hutumia chakula kingi kujipasha moto. Mtoto mwenye njaa aliyelowa mvua huanza kutetemeka mapema kuliko mwenzake aliyekula. Hivyo katika masika hatari kubwa ya Njombe ni kulowa, na sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki lina thamani kuliko filimbi na bendera.

MATEMBEZI MATATU YALIYO MFANO

La kwanza ni matembezi mafupi ya asubuhi, Njombe. Watoto wakutane saa 2 asubuhi, wakati nguvu ya daku ingali mwilini, na warudi kwao kabla ya saa 5. Mwendo usizidi kilomita mbili au tatu kwa jumla, tena uwe wa taratibu. Karibu na mji kuna maporomoko ya mto Luhuji, ambao wengine huuandika Ruhuji. Mtoto asimame mbali na ukingo, maana mawe ya hapo huteleza wakati wa mvua, kisha aulizwe: Maji haya yanakwenda wapi? Yanaingia Kilombero, kisha Rufiji, yanapita katika bwawa la Julius Nyerere, na mwisho yanafika Bahari ya Hindi. Watoto waichore njia hiyo katika daftari. Njiani wakusanye majani yaliyoanguka ya miti ya aina tano, kama vile muwati, msindano na mwanzi, nao wajifunze kazi ya kila mmoja. Shughuli hii ina furaha, nayo haimtoi mtu jasho.

La pili ni shughuli ya alasiri, Makambako. Mji huu ni njia panda kubwa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia yakutana hapa na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapa. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, na sehemu iliyowasumbua wajenzi kuliko zote ilikuwa hii ya kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako, kwa ajili ya milima na mabonde yake. Watoto wakutane saa 10 alasiri katika kiwanja cha shule, mbali na reli na barabara, wapewe dira na ramani, waonyeshe Iringa iko upande gani, Mbeya upande gani na Songea upande gani. Baadaye ufanywe mchezo wa kukumbuka: vitu 20 vifunuliwe juu ya kitambaa kwa dakika moja, kisha vifunikwe, na kila kikosi kiandike kilivyoviona. Mchezo wa kufunga mafundo ya kamba huku macho yamefumbwa nao huchekesha sana na hautaki mbio. Kama stesheni itatembelewa, lazima mkuu wake aombwe ruhusa mapema, na watoto wasikanyage reli kamwe.

La tatu ni jioni ya futari. Hapa ile saa ngumu ya mwisho hugeuzwa kuwa saa ya kazi yenye hamu. Yapata saa 11 jioni skauti waanze kuwasha moto kwa kuni chache, kumenya viazi, kukoroga uji na kukata maparachichi, ambayo Mwenyezi Mungu ameijalia Njombe kwa wingi. Wasiofunga ndio waonje chumvi! Jua likizama, wafungaji wafuturu kwa tende au maji, wasali Magharibi, kisha wote wale pamoja, Waislamu na Wakristo. Baada ya chakula watazame mwezi. Usiku wa kwanza huonekana magharibi jua likisha kuzama, mwembamba, nao katika nchi hizi za karibu na Ikweta hulala kama mtumbwi. Kila siku huchelewa kutua kwa dakika 50 hivi, na ufikapo usiku wa 14 huchomoza mashariki karibu na wakati uleule ambao jua linazama magharibi. Skauti akiuchora mwezi kila jioni mwezi mzima, atakuwa amejifunza kwa macho yake kwa nini Waislamu huhesabu siku zao kwa mwezi. Mzazi au mlezi afike kumchukua kila mtoto. Asiachwe mtoto kurudi peke yake gizani.

Ama safari kubwa, kama kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo ilianzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, hiyo iwekwe baada ya Idi. Maua ya Kitulo huchanua zaidi tangu Desemba hadi Aprili, lakini huko ni juu sana na baridi ni kali. Si mahali pa kumpeleka mtoto mwenye njaa. Idi yenyewe ni siku ya furaha. Katika Hadithi tunasoma kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini siku ya Idi, na Mtume s.a.w. akamsitiri Bibi Aisha r.a. hali akiwatazama. Mtoto aambiwapo kwamba safari ya Kitulo inamngoja baada ya Idi, saumu yake hupata mwisho wenye tamu.

MAMBO AYASHIKE KIONGOZI

1. Siku kadhaa kabla ya matembezi, awaulize wazazi kwa barua ni mtoto yupi atakayefunga. Asiwaulize watoto hadharani kwa kuwainua mikono, maana mwingine atasema amefunga kwa kuona haya tu.

2. Katika kila timu awachanganye waliofunga na wasiofunga. Akiwatenga, ataifanya njaa kuwa mchezaji wa upande mmoja, na kushinda kwa upande mwingine hakutakuwa na maana. Kama Mtume s.a.w. alivyowaambia watu wa Aslam, naye aonekane yuko pamoja nao wote.

3. Kazi nzito za kubeba maji na mahema ziwe za wasiofunga, na waliofunga wapewe kazi ya kuandika, kushika ramani na kutunza saa. Hivyo hapana atakayekaa bure, wala hapana atakayeonewa.

4. Asiyefunga ale chakula chake kwa amani, bila kufichwa nyuma ya mti kama mwizi. Na mtoto afungaye afundishwe kwamba kumwona mwenzake akila ni sehemu ya mazoezi yake. Kudhihakiana kwa upande wowote kupigwe marufuku.

5. Mfukoni mwa kiongozi yawemo daima maji safi, sukari au tunda. Mtoto akiona kizunguzungu, akiumwa kichwa sana, akitetemeka au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, afunguzwe saumu papo hapo, apumzishwe, avikwe nguo kavu, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Hapo pasiwe na mjadala, wala asiambiwe kwamba ameshindwa. Dini yenyewe ndiyo iliyomfungulia mlango huo.

6. Mtoto afungaye asishindanishwe mbio ndefu, wala kupanda milima saa za mchana. Nguvu zake za asubuhi ni akiba ya kumfikisha magharibi.

NENO KWA WAZAZI

Ndugu zangu wazazi, nendeni kwa kiongozi wa skauti mapema, kwa adabu, mkiwa na shauri mkononi. Viongozi wengi si watu wabaya, hawakujua tu. Mwalimu ambaye hajapata kuishi na Waislamu atajuaje kwamba daku huliwa kabla ya alfajiri, au kwamba mtoto hanywi hata maji? Mkimweleza, na mkajitolea kupika futari ya kundi zima jioni moja, mtakuwa mmefundisha habari za Ramadhani kwa sahani ya viazi vizuri zaidi kuliko kwa hotuba ya saa mbili.

Na mtoto wenu akirudi jioni hiyo, nguo zake zina harufu ya moshi na daftari lake lina picha ya mwezi, msimuulize kwanza kama alivumilia mpaka mwisho. Muulizeni alimsaidia nani. Mtoto aliyefunga nusu ya siku akambebea mwenzake mzigo amekwisha kuianza njia ambayo saumu imewekwa ili itufikishe.

Mwenyezi Mungu awajalie watoto wetu afya, imani na furaha iliyo halali, na atujalie sisi wakubwa hekima ya kuwaongoza kwa upole kama Mtukufu Mtume s.a.w. alivyowaongoza wadogo wa zama zake. Amin.